Funguo Mbili za Maktaba

Maktaba ya chuo kikuu siku hizi si rafu na vumbi tu. Vyuo vikuu vyetu vya Kenya, katika umoja uitwao KLISC, huchanga fedha kulipia majarida na vitabu vya kusomwa kwa kompyuta au simu. Mwanafunzi hupewa neno la siri, naye akayafungua hayo akiwa Kilifi, Lamu au kitandani kwao.

Lakini mali usiyoijua si mali. Vijana kadhaa niliowauliza waliniambia hawajapata kulitumia neno hilo. Wengine hata hawakujua kuwa lipo. Hutafuta katika Google, wakachukua la kwanza litokalo, au wakanakili kazi ya mwenzao wa mwaka jana. Mmoja alikuwa akiandika juu ya Muyaka bin Haji, na tegemeo lake lote lilikuwa daftari la darasani.

Na Muyaka hayuko mbali. Huko SOAS, London, zimehifadhiwa karatasi za William Taylor, aliyeandikiwa tungo za Muyaka na Mwalimu Sikujua wa Mombasa. Na iko miswada ya Muhamadi Kijuma wa Lamu. Mingi katika hazina hiyo ya Kiswahili imepigwa picha na kuwekwa katika mtandao, isomwe bure.

Hapo ndipo uhitajiwapo ufunguo wa pili. Mingi ya miswada hiyo imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na lugha yake aghalabu ni Kimvita na Kiamu. Neno la siri litamfaa nini asiyeweza kuisoma? Mtoto wa pwani aliyekaa chuoni akajifunza alifu na bee, ufunguo huu anao tangu utotoni, ila hakuambiwa kuwa una kazi chuo kikuu.

Wala tusiwaachie wengine sanduku letu. British Library ya London iliweka katika mtandao picha za miswada ya msikiti wa Riyadha, Lamu. Oktoba 2023 wahalifu wa kompyuta waliishambulia maktaba hiyo, na huduma zake za mtandao zikafungika kwa miezi. Bahati njema, miswada yenyewe haikuhamishwa Lamu.

Basi wakutubi wawafunze vijana tangu juma la kwanza, na walimu wadai kuonyeshwa kilikosomwa. Nanyi wazazi, msimtoe mtoto chuo kidogo kwa kuharakia chuo kikuu. Huko kikuu atakihitaji kile kidogo.