Wimbo Mzuri na Wimbo Nipendao: Je, Ladha ya Muziki Haijadiliwi?

Katika masomo ya fasihi simulizi hapa Kisangani, mjadala juu ya nyimbo huishia mara nyingi mahali pamoja. Mwanafunzi mmoja huutetea wimbo fulani, wa pili humkatalia, na kabla hawajafika mbali wa tatu huufunga mlango kwa ule msemo wa Kifaransa kwamba ladha na rangi hazijadiliwi. Darasa hucheka, na mambo huishia hapo. Makala hii inakusudia kuuliza kama msemo huo ni wa kweli na, jambo linalotuhusu zaidi sisi wanafunzi wa lugha, kama Kiswahili chenyewe kinaukubali.

Suala hili si la mchezo. Ikiwa hukumu juu ya wimbo ni jambo la kila mtu na moyo wake, basi mhakiki hana kazi. Tasnifu zinazoandikwa juu ya nyimbo zitabaki kuwa orodha za maudhui: mapenzi, kifo, umaskini, wivu. Na jopo la watahini litakapomwambia mwanafunzi kwamba uchambuzi wake haukuugusa wimbo wenyewe, naye atakuwa na haki ya kujibu kwamba hiyo ni ladha ya jopo.

Wengi wetu hudhani kwamba msemo ule wa Kifaransa una ndugu yake katika Kiswahili, yaani methali isemayo: Kipenda roho hula nyama mbichi. Tuitazame kwa makini. Methali haisemi kwamba kwa yule apendaye nyama imeiva. Nyama ni mbichi, mlaji anajua kwamba ni mbichi, na hata hivyo anaila. Hali ni hiyo hiyo katika methali nyingine: Ukipenda, chongo huita kengeza. Mapenzi hubadili jina la kasoro; jicho halibadiliki, na msemaji wa methali hulijua jina lake halisi, la sivyo asingeweza kulitaja. Hivyo methali zetu zinakiri nguvu ya kupenda bila ya kukiri kwamba kupenda ndiko kunakokifanya kitu kiwe kizuri. Zimeyatenga mambo mawili ambayo msemo wa Kifaransa umeyachanganya.

Utengano huo haumo katika methali peke yake. Umo pia katika sarufi. Tunaposema "wimbo huu unanipendeza", kitenzi kina nafasi ya mtu anayependezwa, na nafasi hiyo imejazwa na kiambishi -ni-. Tunaposema "wimbo huu ni mzuri", hakuna nafasi ya mtu. Kivumishi kinapatana na wimbo tu. Kati ya hizo mbili lipo neno "mtamu", ambalo laweza kusimama peke yake na laweza pia kupokea "kwangu" bila shida. Hata Kiswahili cha mjini mwetu, ambacho upatanisho wake wa ngeli umepungua sana, kinaushika mpaka huo: anayesema "hii mwimbo iko muzuri" hajasema sawa na anayesema "mi napenda hii mwimbo".

Mtu anaweza kutuambia kwamba hayo ni maumbo tu, na kwamba kwa maana ni kitu kimoja. Hebu tujaribu. Sentensi "Wimbo huu ni mzuri lakini haunipendezi" haimshangazi msikilizaji yeyote. Vivyo hivyo "Wimbo huu ni mbaya, lakini mimi naupenda", tena husemwa kwa kicheko kidogo cha aibu. Kama kupenda na uzuri vingekuwa kitu kimoja, sentensi hizo zingejipinga zenyewe. Tena, mtu akisema "nimeupenda", jibu la "hapana, hukuupenda" ni la ajabu, kwani nani aujuaye moyo wa mwenzake? Lakini akisema "ni mzuri", jibu la "hapana, si mzuri" ni la kawaida kabisa, nalo huanzisha mazungumzo.

Jaribio lililo kali kuliko yote ni swali "kwa nini?". Mwulize mtu kwa nini anaupenda wimbo, naye anaweza kukujibu kwa historia ya maisha yake: ulipigwa siku ya harusi yangu, marehemu baba alikuwa akiuimba, ulitoka mwaka nilipoingia chuoni. Majibu hayo yanatosha, wala hakuna wa kuyapinga. Mwulize sasa kwa nini ni mzuri. Akikujibu kwamba ulipigwa siku ya harusi yake, utamwambia kwamba hujajibiwa. Hapo inampasa aurudie wimbo wenyewe: sauti inavyopanda pale, gitaa linavyoitikia, neno lilivyowekwa mahali pasipotarajiwa. Kwa maneno mengine, hukumu ya uzuri inadai sababu, na sababu hizo hutafutwa ndani ya wimbo.

Sababu gani? Hapa kuna utajiri, na ni afadhali tutoke nje ya madarasa. Katika mji wetu mtu mmoja anaweza kusikiliza nyimbo za namna tatu kati ya Jumamosi na Jumapili: rumba katika baa, nyimbo za matanga penye msiba, na kwaya kanisani. Msikilizeni anavyohukumu. Rumba ya Kikongo, ambayo UNESCO iliiandika mwezi Desemba 2021 katika orodha ya urithi wa binadamu kwa ombi la pamoja la nchi zote mbili za Kongo, huwa kwa kawaida na sehemu mbili: mwanzo wa taratibu, ambapo mwimbaji hueleza kisa chake, kisha sebene, ambapo magitaa hushika usukani na watu husimama kucheza. Tangu miaka ya 1980 ameongezeka atalaku, mpiga kelele anayewahimiza wachezaji. Msikilizaji wetu husema kwamba sebene imechelewa, au imeingia ghafla mno, au atalaku amelifunika gitaa. Penye msiba hasemi hata moja la hayo. Huko husema kwamba mwimbishaji anajua kulia na wafiwa, au kwamba amefanya haraka. Kanisani husikiliza kama sauti nne zimekaa pamoja na kama maneno yanasikika hadi benchi la nyuma.

Basi vigezo hubadilika. Lakini tuangalie vinabadilika kwa kufuata nini. Havifuati mtu, maana mtu ni yule yule. Vinafuata kazi ya wimbo. Wimbo wa kubembeleza unaomwamsha mtoto ni mbaya hata kama mamake anaupenda, na chombezo lililotungwa vizuri haliwi baya kwa sababu halichezeki. Nadhani sehemu kubwa ya mabishano yanayoitwa ya ladha si mabishano hata kidogo: mmoja anauhukumu wimbo kama dansi, mwenzake anauhukumu kama ushairi, na kila mmoja anamshangaa mwenzake.

Hata hivyo yapo mabishano ya kweli, na juu yake mwanafalsafa wa Uskoti David Hume alitoa insha mashuhuri mwaka 1757. Akiazima kisa kutoka kwa Cervantes, anasimulia juu ya watu wawili walioitwa kuionja divai. Wa kwanza akasema ni nzuri, ila inanukia ngozi kidogo. Wa pili akasema ni nzuri, ila ina ladha ya chuma kidogo. Waliokuwapo wakawacheka wote wawili. Pipa lilipomalizika, chini yake ukaonekana ufunguo wa zamani uliofungwa kwa ukanda wa ngozi. Waonjaji hao hawakuwa wakizungumzia ndimi zao; walikuwa wakizungumzia divai. Tofauti yao na wale waliocheka ni kwamba wao walikuwa wamezoea kuonja.

Hume, lakini, alimchukulia mwonjaji hodari kana kwamba anaweza kutoka popote. Sisi tunaoishi kando ya msitu tuna sababu ya kumtilia shaka. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofanywa na Hauke Egermann na wenzake: Wambenzele 40 wa msitu wa Kongo-Brazzaville na Wakanada 40 walisikilizishwa vipande vifupi 19 vya muziki, 11 vya Kimagharibi na 8 vya Kimbenzele. Kuhusu kiasi cha kusisimka au kutulia, makundi hayo mawili yalikaribiana, yakiongozwa na mambo kama mwendo na wembamba wa sauti. Kuhusu kama kipande ni cha furaha au cha huzuni, yalitofautiana. Kwa Wambenzele muziki una kazi ya kuondoa hisia mbaya, basi lile wazo la wimbo wa huzuni unaosikilizwa kwa starehe halikuwa na mahali pa kukaa. Mwaka uliofuata, 2016, Josh McDermott na wenzake walionyesha kwamba Watsimane wa Bolivia, wasio na mazoea ya muziki wa Kimagharibi, hawachukizwi na mchanganyiko wa sauti ambao sikio la Ulaya huuona mkwaruzo.

Hayo yote yanathibitisha nini? Yanathibitisha kwamba sikio hufundishwa na jamii yake. Hayathibitishi kwamba kila mtu ana sikio lake peke yake. Anayesikia kwa mara ya kwanza nyimbo za Wambuti wa Ituri, ambamo sauti nyingi hupishana bila kuwa na kiongozi mmoja, huenda akasema ni vurugu. Mwambuti naye atajua mara moja ni nani aliyeingia vibaya. Huyo wa kwanza hajatoa hukumu tofauti, bado hajasikia. Lugha inatupa mfano wa karibu: sarufi ya Kiswahili si ya dunia nzima, lakini haiwi kwa hiyo mali ya kila msemaji peke yake.

Kuna methali nyingine ambayo hupendwa sana na wenye nyimbo zinazouzwa: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Natamani ingekuwa kweli. Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walitoa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa njia ya intaneti na watu 14,341, waliopewa nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Baadhi yao walichagua bila kujua wengine wamechagua nini. Wengine waligawanywa katika makundi manane, na kila mmoja aliona idadi ya waliochukua kila wimbo katika kundi lake. Katika makundi hayo nyimbo zilizokuwa mbele zilizidi kwenda mbele, lakini si zile zile katika kila kundi. Nyimbo zilizokuwa bora kwa wale waliochagua peke yao hazikushindwa vibaya ila mara chache, na zilizokuwa mbaya hazikushinda ila mara chache. Zile za kati ziliweza kuangukia popote. Chema, basi, hujiuza kidogo, na umati hukitembeza zaidi.

Kwetu umati wenyewe hutembezwa. Kila msikilizaji wa rumba anaijua desturi ya kurusha libanga, yaani kulitaja jina la mtu ndani ya wimbo, mara nyingi kwa malipo. Tajiri hutajwa, hujivunia, huagiza wimbo upigwe tena. Simlaumu mwanamuziki, ambaye lazima ale. Nasema tu kwamba idadi ya mara wimbo unapopigwa si ushahidi wa uzuri wake.

Wapo pia wanaohukumu kwa niaba ya dola. Mwaka 1978 Franco Luambo Makiadi alifungwa gerezani kwa sababu ya nyimbo zilizoonwa kuwa chafu. Mwezi Novemba 2021 tume ya taifa ya udhibiti wa nyimbo ilikataza "Nini Tosali Te" wa kundi la MPR, wimbo ulioorodhesha makosa ya tawala zilizopita na uliopo. Haukupita muda mrefu katazo hilo likaondolewa. Ninalotaka kulionyesha ni hili: anayesema kwamba ladha haijadiliwi hudhani kwamba anaulinda uhuru wa msikilizaji. Lakini hukumu hazikomi kutolewa kwa sababu wahakiki wamenyamaza. Zinabaki mikononi mwa mwenye fedha na mwenye mhuri, na hawa hawadaiwi sababu zinazotoka ndani ya wimbo.

Pengine msomaji ataogopa kwamba tunataka kurudisha kanuni ngumu. Historia ya ushairi wetu inaondoa hofu hiyo. Kaluta Amri Abedi aliziandika sheria za vina na mizani mwaka 1954. Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi mwaka 1974 bila kuzifuata, na mabishano yakawaka kwa miaka mingi. Hakuna aliyeridhika kusema kwamba kila mtu ana ladha yake. Pande zote mbili zilitafuta sababu: masikio, historia, muziki uliomo ndani ya beti, uhuru wa wazo. Leo mwanafunzi husoma tungo za namna zote mbili, na anaweza kutambua shairi huru lililo dhaifu na shairi la vina lililo bovu.

Linabaki tatizo moja ambalo sarufi hainisaidii kulitatua. Wimbo "Masanga" wa Mwenda Jean Bosco, uliorekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, umewavutia wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wasiojua neno hata moja la Kiswahili. Wao huhukumu vidole. Sisi tunayasikia na maneno. Ikiwa wimbo una gitaa la ajabu na maneno hafifu, au kinyume chake, kipi kiwe kizito zaidi katika mizani? Katika baa za Kisangani maneno huachwa yapite na sebene ndiyo inayoamua. Kanisani huwa kinyume. Sijaona bado tasnifu ya Kiswahili inayozilinganisha hukumu hizo mbili, wimbo kwa wimbo, pamoja na sababu zinazotolewa na wasikilizaji wenyewe. Kazi hiyo haihitaji safari ya mbali: inaweza kuanzia Makiso na Mangobo, kwa daftari na kinasa sauti.