Dada Yangu "Atapata" Mtoto: Wakati Ujao wa Karibu katika Kifaransa

Najua utauliza: Kifaransa kimeingiaje katika jarida la Chama cha Kiswahili? Usifunge ukurasa, tafadhali. Jirani zetu wa Goma, Bukavu na Lubumbashi huzungumza Kiswahili na kusomeshwa kwa Kifaransa, na nchi yao ya Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Lugha hizi mbili zimekwisha kuwa majirani. Zaidi ya hayo, somo hili mimi nililipata kwa aibu, na ni Kiswahili kilichonitoa katika aibu hiyo.

Zama zile za barua na stempu, nikiwa kidato cha pili, nilikuwa na rafiki wa kalamu, msichana wa Lyon, Ufaransa. Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa miaka mingi bila kupata mtoto, na sasa alikuwa na mimba ya miezi minane. Nyumbani ilikuwa furaha tele! Nami kwa kujigamba nikaandika: *Ma sœur n'a pas d'enfant. Elle aura un enfant.* Yaani, dada yangu hana mtoto, atapata mtoto.

Jibu lilipofika dada alikuja mwenyewe, akaketi, akaniambia nimsomee. Alikuwa akingoja pongezi. Nikasoma na kutafsiri: "Mwambie dada yako asikate tamaa. Ipo siku atajaliwa." Dada akanyamaza. Akalitazama tumbo lake, akanitazama mimi. "Kwani wewe ulimwandikia nini?"

Baadaye niligundua kuwa sentensi yangu haikuwa na kosa la sarufi hata moja. Kosa lilikuwa kuchagua wakati. Nilitakiwa kusema: *Elle va avoir un enfant.* Huo ndio wakati ujao wa karibu, ambao Wafaransa huuita *futur proche*.

Jinsi ya kuuunda

Unahitaji vitu viwili tu. Kwanza, kitenzi *aller* (kwenda) katika wakati uliopo. Pili, kitenzi-jina cha lile tendo lenyewe, bila kukibadilisha. Hebu tutumie *manger*, kula:

je vais manger – mimi
tu vas manger – wewe
il, elle, on va manger – yeye
nous allons manger – sisi
vous allez manger – nyinyi, au wewe kwa heshima
ils, elles vont manger – wao

Ukiyajua maneno haya sita, *vais, vas, va, allons, allez, vont*, umemaliza kazi kubwa. Hakuna kitenzi cha Kifaransa kitakachokusumbua tena hapa, hata kiwe kikorofi namna gani, maana chenyewe hakiguswi.

Na usishangae "kwenda" kutumiwa kwa jambo lisilo na safari. Si hata sisi husema, "Naenda kulala," na kitanda kiko pale pale tulipoketi? Mfaransa husema *je vais rester ici*, yaani nitabaki hapa. Ingekuwa safari kweli, angeendaje huku akibaki?

Makosa yanayotumaliza

(a) *Kubadilisha kitenzi cha pili.* Wengi huandika *je vais mange* au *nous allons mangeons*. Kumbuka Kiswahili: tunasema "tunaenda kula", hatusemi "tunaenda tunakula" tukiwa na maana hiyo. "Ku" yetu inabaki, na kitenzi-jina cha Kifaransa nacho kinabaki.

(b) *Kuchomeka* à *katikati.* Kwa kuwa tumezoea *je vais à Mombasa*, tunaandika *je vais à manger*. Hapana! Mahali panataka *à*; tendo halitaki. *Je vais à Kisumu* ni safari. *Je vais dormir* ni wakati ujao. Na ukitaka vyote viwili, sema *je vais aller à Kisumu*. Aller mbili zikifuatana si kosa hata kidogo.

(c) *Kukanusha mahali pasipo pake.* *Ne* na *pas* hukumbatia *aller*, si kitenzi cha pili: *je ne vais pas dormir*, sitalala, *nous n'allons pas sortir*, hatutatoka. Katika mazungumzo utawasikia Wafaransa wakiidondosha *ne*, lakini kwenye insha, mwenzangu, ziandike zote mbili.

(d) *Kuhamisha kiwakilishi.* Hapa ndipo Kiswahili kinapotufaa sana. Barua iko mezani, unasema: "Naenda kuisoma." Ile *-i-* ya barua umeiweka wapi? Ndani ya kitenzi cha pili. Mfaransa naye hufanya vivyo hivyo: *je vais la lire*. Kiwakilishi kinakaa mbele ya *lire*, si mbele ya *vais*.

Vitenzi vya kujitendea navyo hufuata mkondo huo, ila kuna mtego mmoja. *-ji-* yetu haibadiliki: najiosha, unajiosha, tunajiosha. Yao hufuata nafsi: *je vais me laver, tu vas te laver, elle va se laver, nous allons nous laver*. Ukiandika *je vais se laver*, mwalimu atachukua kalamu yake nyekundu.

Kuuliza nako si kazi. Weka *est-ce que* mwanzoni: *Est-ce que tu vas venir ?* Au geuza: *Vas-tu venir ?* Ukiigeuza *va*, chomeka *t* ili irabu zisigongane: *Va-t-il pleuvoir ?*

Karibu ni karibu kiasi gani?

Sasa turudi kwa dada. Kiswahili kina *-ta-*, nayo hubeba kila kitu: nitakula sasa hivi, nitajenga nyumba nikizeeka. Kwa hiyo tukiingia Kifaransa tunashika wakati ujao sahili, *futur simple*, tunautumia kila mahali. Hapo ndipo nilipopotea.

Neno "karibu" lisikudanganye ukaanza kuhesabu dakika. Jambo lenyewe ni hili: je, tukio hilo lina mzizi katika sasa? Je, dalili yake inaonekana, au uamuzi umekwisha kufanywa? Mawingu yametanda, kuku wanakimbilia kibandani: *il va pleuvoir*. Mtoto amesimama ukingoni mwa meza: *Attention, tu vas tomber !* Ukimwambia *tu tomberas*, utakuwa kama unamtabiria. Na mtu aliyekwisha kununua kiwanja anaweza kusema *je vais construire une maison*, hata kama ujenzi wenyewe ni wa mwakani.

Dada yangu alikuwa na dalili ya miezi minane! *Elle va avoir un enfant* humwambia msikilizaji kwamba mtoto yuko njiani. *Elle aura un enfant*, bila neno jingine la kuifafanua, huweza kusikika kama tumaini au utabiri: ipo siku.

Wakati ujao sahili una kazi zake pia. Uutumie kwa jambo la mbali lisilo na dalili, kwa ahadi nzito, na baada ya *quand* ukizungumzia yajayo: *quand tu arriveras*, utakapofika. Katika mazungumzo ya kila siku, hata hivyo, ule wa karibu utausikia mno.

Na je, Kiswahili hakina njia ya kuonyesha ukaribu huu? Kinayo tele, tunaisahau tu. "Mvua inataka kunyesha." Mvua ina matakwa gani? "Ng'ombe anataka kufa." Nani anatamani kufa? Hapa "taka" ndiyo *futur proche* yetu. Ukitaka kujua utumie wakati gani katika Kifaransa, jaribu kwanza kusema jambo lako kwa "inataka" au "yu karibu". Likikubali, shika *aller*. "Dada yu karibu kujifungua." Limekubali!

Tena wataalamu wa lugha hueleza kuwa hiyo *-ta-* yenyewe ilitokana na kitenzi *taka*. Alama yake bado iko: twasema "atakuja", lakini tukitia kirejeshi, *taka* nzima inajitokeza: "atakayekuja". Kifaransa nacho kilipitia njia kama hiyo. *Je chanterai*, nitaimba, ni *chanter* iliyoungana na *ai*, yaani "nina". Sisi tulianza kwa kutaka, wao kwa kuwa na jambo la kutenda.

Inasimuliwa kwamba mwanasarufi Dominique Bouhours, aliyefariki Paris mwaka 1702, alipokuwa akikata roho alisema kuwa anakufa, kisha akaeleza kuwa *je vais mourir* na *je vas mourir* zote mbili husemwa. Kama ni kweli au ni utani wa watu, sijui, lakini wakati alichagua sawasawa. Siku hizi andika *je vais*; ile *je vas* bado husikika kwa baadhi ya watu wa Quebec.

Jipime

Tafsiri kwa Kifaransa kabla ya kuchungulia majibu:

1. Tutaanza mtihani sasa hivi.
2. Angalia, maziwa yanataka kufurika!
3. Barua hii? Nitaisoma jioni hii.
4. Matatu haitasimama hapa. (Unaiona inavyokuja mbio.)
5. Siku moja nitakuwa daktari.

Majibu: 1. *Nous allons commencer l'examen maintenant.* 2. *Attention, le lait va déborder !* 3. *Cette lettre ? Je vais la lire ce soir.* 4. *Le matatu ne va pas s'arrêter ici.* 5. *Un jour, je serai médecin.* Hiyo ya tano ilikuwa mtego. "Siku moja" ni mbali, na bado uko darasani.

Nami je? Niliandika barua ya pili usiku ule ule, nikaandika *va avoir* kwa herufi kubwa. Lakini barua za wakati huo zilikwenda kwa mwendo wa kobe. Kabla haijafika Lyon, mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa, msichana mwenye sauti ya tarumbeta. Ikabidi niandike ya tatu: *Ma sœur a eu un enfant.* Huo ni wakati uliopita, na makala yake ni ya siku nyingine. Kwaherini.