Utangulizi: Ghala Moja, Madaftari Mawili

Kabla ya sura ya kwanza, twende Dunga, ufuo wa wavuvi pembeni mwa Kisumu. Mashua ikifika asubuhi, samaki hupimwa na kilo zake huandikwa katika daftari la BMU, kamati inayosimamia ufuo. Mvuvi akiuza mbuta wake huko huko majini, daftari halina habari.

Kompyuta ya Linux nayo ina daftari. Debian, na Ubuntu iliyozaliwa kutokana nayo, huandika katika /var/lib/dpkg kila faili lililoletwa na apt, kisakinishi cha mfumo: limetoka kifurushi gani, toleo gani, na kifurushi hicho kinategemea kipi. Kisha inakuja pip, kisakinishi cha Python, na kumbukumbu zake yenyewe. Ghala, yaani diski, ni moja, na apt haijui pip imeweka nini humo.

Aprili 2018 ugomvi wa madaftari haya mawili ulionekana peupe. Pip toleo la 10 lilitoka, watu wakakimbilia sudo pip install --upgrade pip. Toleo jipya likakaa chini ya /usr/local, mahali ambapo Python hutafuta kabla ya pale pa apt. Amri yenyewe, /usr/bin/pip, ikabaki ile ya apt, iliyoandikwa kwa ajili ya toleo la zamani. Ikaita main, sehemu ya kuanzishia pip, mahali pake pa siku zote, kumbe main imeshahamishwa. Pip ikagoma. Mwanafunzi wangu mmoja, usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha mradi, alidhani laptopu imeingiwa na virusi. Alikuwa ametii tu ushauri ambao pip ilimwandikia kwa rangi ya njano.

Nisingependa umchukie yeyote. Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, huahidi kwamba vifurushi vya toleo lake thabiti vinaelewana, na ahadi hiyo haitimiziki bila kugandisha matoleo. Mwandishi wa maktaba ya Python anataka kazi yake ikufikie leo. Wote wana haki, na hapo ndipo fani hii ya kusimamia vifurushi iliponinasa.

Tangu mwaka 2023, kuanzia Ubuntu 23.04 na Debian 12, mifumo hii huweka faili liitwalo EXTERNALLY-MANAGED. Pip ikiliona, hukataa kugusa Python ya mfumo. Kila mradi sasa uwe na venv yake, yaani mazingira ya Python yaliyotengwa. Wanafunzi huniuliza, bando la kupakua kila kitu upya litoke wapi? Swali la haki kabisa. Bahati nzuri pip hutunza nakala ya ilichopakua, na mradi wa pili huchota humo. Lugha ya R ilikuwa na ustaarabu wa kutogusa maktaba ya mfumo tangu zamani: usipokuwa na ruhusa ya kuandika katika maktaba ya mfumo, hukuuliza kama ungependa ya kwako binafsi.

Tuanze na zoezi. Andika dpkg -S /usr/bin/python3, amri ya kuliuliza daftari la apt, nayo itakutajia kifurushi. Sasa, kama unalo, ipe faili lililowekwa na pip chini ya /usr/local. Lipo, unaweza kulifungua na kulisoma, lakini dpkg itakujibu kwamba haina habari nalo.