Kipato na Hali ya Maisha (2): Korosho, Maji na Bati la Chilangala

Juma lililopita tulieleza kipato ni nini. Leo tukifuate hadi Chilangala, wilayani Newala, tuone kinavyogeuka kuwa maisha, au kinavyoshindwa kugeuka.

Tuchukue msimu wa 2018. Novemba ya mwaka ule Serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Aliyepeleka kilo 1,000 za daraja la kwanza kwenye chama chake cha msingi alistahili shilingi 3,300,000. Nyumba ikiwa na watu watano, kila mmoja anaangukia 660,000 kwa mwaka. Wakiwa kumi, 330,000. Utafiti wa kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mwezi kwa mtu mzima, yaani 591,840 kwa mwaka. Kwa mzigo ule ule wa korosho, nyumba moja imevuka na nyingine imebaki chini. Mihogo na mbaazi za shambani zitaiinua kidogo ile ya pili, maana chakula cha kujilimia nacho huhesabiwa. Lakini hapo bado hatujatoa gharama ya salfa ya kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, wala ujira wa vibarua wa palizi.

Hesabu hiyo ni ya mwaka, na watu wanakula kila siku. Fedha ya korosho huja kwa mkupuo, kuanzia Oktoba. Kabla ya hapo mfuko umekauka, na ndipo anapoingia mnunuzi wa kangomba: anakupa fedha leo kwa korosho ambayo bado iko mtini, kwa bei anayoitaka yeye. Msimu ule wa 2018 malipo yalichelewa, wengine wakasubiri hadi mwaka uliofuata. Mtu anayestahili milioni tatu lakini hajalipwa hana cha kumpeleka mtoto hospitali usiku wa leo. Kwa maoni yangu, siku ya malipo ina uzito sawa na bei, ingawa kwenye mikutano bei ndiyo inayozungumzwa.

Sasa maji. Juu ya uwanda wa Makonde ardhi ni ya kichanga, mvua huzama, na chemchemi ziko chini ya miteremko. Karl Weule, mtafiti Mjerumani aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika jinsi maji yalivyofuatwa mbali bondeni. Leo kuna mabomba ya mradi wa maji wa Makonde, lakini maji hupandishwa kwa pampu, na pampu zikisimama ndoo zinarudi kichwani. Kichwa chenyewe mara nyingi ni cha mama au binti.

Hapo ndipo bati linapofanya kazi ambayo kipato kidogo hakiwezi. Kila milimita moja ya mvua huweka lita moja juu ya kila mita ya mraba ya paa. Paa la mita za mraba 40 likinyeshewa milimita 20 linamwaga lita 800, ndoo 40 za lita 20. Aliyetumia fedha ya msimu mmoja mzuri kuezeka bati, kufunga mifereji na kuchimba kisima cha saruji pembeni mwa nyumba amenunua asubuhi za binti yake: sasa anawahi shule. Jirani yake mwenye nyumba ya nyasi na mapato yale yale bado ananunua ndoo kiangazi, au anashuka bondeni.

Na huko shuleni, ada ya sekondari za Serikali iliondolewa mwaka 2016 hadi kidato cha nne. Huo ni unafuu usioonekana kwenye stakabadhi ya korosho.

Linabaki la ndani ya nyumba. Mke ameokota na kubangua kokwa za kula, lakini akaunti inayopokea malipo mara nyingi ni ya mume. Toleo lijalo tutaanza na akaunti hiyo: nani anajua kilichoingia, na nani anaamua kama msimu huu litanunuliwa bati au pikipiki.