Mkasi na Kinywa: Kuirudisha Filamu kwenye Riwaya

Mwanafunzi wa Butembo au Beni aliyesoma riwaya kwa Kifaransa, kisha akaitazama filamu yake, huweza kulalamika kuwa kisa kimeharibiwa. Wako mashabiki wasioishia kulalamika, bali huikata filamu upya. The Hobbit ya J. R. R. Tolkien (1937), kitabu kisicho kirefu, ilifanywa na Peter Jackson filamu tatu (2012–2014), jumla ya takriban saa nane. Mwaka 2015 shabiki mmoja alizifupisha kuwa filamu moja ya saa nne hivi, akaondoa mapenzi ya Tauriel, mhusika asiyekuwamo kitabuni.

Hata hivyo, mkasi hupunguza tu. Tom Bombadil, aliyemo katika riwaya ya The Lord of the Rings lakini akaachwa katika filamu ya 2001, harudishiki, kwa kuwa hakupigwa picha.

Hapo ndipo mfasiri wa filamu wa Afrika Mashariki anapomzidi mkataji. Fanani huyu, ambaye Kampala huitwa vijei, na ambaye Dar es Salaam alivuma kwa jina la Lufufu, husimulia juu ya sauti za wahusika. Picha haiguswi, ila hadithi hugeuka: hufafanua, hukosoa, hutania. Kwa Wanande wa miji hii miwili, wenye Kinande nyumbani na Kiswahili sokoni, filamu iliyokatwa kwa uaminifu mkubwa ingali ya kigeni. Fanani angeweza kumleta Bombadil kwa kinywa tu. Ingempasa kwanza akisome kitabu, na kwa kawaida matini yake ni filamu yenyewe.