Waandishi wa programu watamani mbuzi, mkulima wa Kyela asubiri meseji

KATIKA nyumba nyingi za Bondeni, kuanzia Ipinda hadi Ngonga, fedha za kakao zikiingia jambo la kwanza kutajwa ni ada ya shule. Na mtoto akifaulu, siku hizi si lazima awe daktari wala mwalimu. Mzazi anasema akasome kompyuta. Huko kwenye kompyuta kwenyewe, hata hivyo, kuna utani mmoja usiochuja: kila habari mbaya ya sekta yao inapotoka, waandishi wa programu huambiana kwamba sasa basi, wanaacha kazi waende kijijini kufuga mbuzi.

Utani huo ulipata nguvu Novemba 2022, kampuni ya Meta, wenye Facebook na WhatsApp, ilipotangaza kupunguza wafanyakazi 11,000. Januari 2023 Google nao wakatangaza kupunguza 12,000. Watu waliozoea kulipwa mishahara minono wakaanza kuulizana ekari moja inatosha mbuzi wangapi. Anayewajua mbuzi, na anayeyajua matope ya Kyela mvua za Aprili zinapowaka, atacheka kwa sababu nyingine kabisa.

Pamoja na hayo, msomaji asiwapuuze. Mafundi hawa wanakichekea kitu wanachokijua kwa ndani, na kitu hicho ndicho kinachopitisha fedha za gunia la kakao.

Kakao ya Kyela huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao sheria yake ilitungwa mwaka 2005. Mkulima hupeleka kakao kavu kwenye chama chake cha msingi, yaani AMCOS, inapimwa, anaandikiwa karatasi, mzigo unaingia ghalani. Mnada unafanyika kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mnunuzi analipa, fedha zinapita benki, na mwishowe mwenye shamba anasikia simu ikilia mfukoni. Kati ya mzani na meseji hiyo kuna programu nyingi zinazopokezana, na wengi wa walioziandika hawajawahi kuuona mti wa kakao.

Sasa, waandishi wa programu wana miiko yao. Mmoja unasema Ijumaa usiguse mtambo unaofanya kazi, maana ukiharibika Jumamosi utaipoteza. Tarehe 19 Julai 2024 ilikuwa Ijumaa. Saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya Marekani ya CrowdStrike, inayouza ulinzi wa kompyuta, ilisambaza faili dogo la marekebisho. Faili lilikuwa na kasoro. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 zinazotumia Windows zilizimika na kukataa kuwaka. Ndege zikabaki chini, benki na hospitali katika nchi nyingi zikakwama. Kampuni iliondoa faili hilo baada ya dakika 78, lakini kompyuta nyingi zilizokwisha kuzimika zilihitaji fundi azifikie moja moja, azirekebishe kwa mkono. Mafundi duniani kote hawakuuliza kwanza kasoro ni nini. Waliuliza: nani kafanya hivi siku ya Ijumaa?

Utani mwingine unahusu kile kinachoitwa wingu, mahali ambapo kampuni huweka kumbukumbu zao. Wao husema hakuna wingu, kuna kompyuta ya mtu mwingine tu. Jumatatu ya tarehe 20 Oktoba 2025 kompyuta hizo za mtu mwingine, yaani mitambo ya Amazon iliyoko kaskazini mwa jimbo la Virginia, zilipata hitilafu. Chanzo kilikuwa kwenye DNS, ambayo ni kama daftari la namba za simu: programu inajua jina la mwenzake lakini inahitaji daftari limpe namba. Ukurasa ukawa mtupu, programu zikapotezana. Huduma nyingi zilisimama kwa saa kadhaa, na Marekani kulikuwa na watu ambao vitanda vyao vya kisasa, vinavyopashwa joto na kuinuliwa kwa intaneti, vilikwama vikiwa vya moto au vimeinuka. Kitanda cha kamba hakijawahi kumfanyia mtu hivyo.

Tanzania ilikwisha kuonja. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja upande wa kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Vijana wa kompyuta walianza kumsingizia papa. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya nyaya zinazokatika duniani hukatwa na nanga za meli na zana za uvuvi. Mvuvi wa Matema, ambaye wavu wake umewahi kunaswa na nanga ya mwenzake, hahitaji maelezo zaidi. Ukarabati hadi kukamilika ulichukua zaidi ya wiki mbili.

Hapa pana jambo ambalo mfanyabiashara mdogo analihitaji. Huduma ya fedha ya kubonyeza nyota na reli, ile ya kitochi, haitumii bando la intaneti la mteja. Hupita kwenye njia za mtandao wa simu wenyewe. Mnada hauko hivyo. Mnunuzi hutaja bei akiwa mbele ya kompyuta, na bila intaneti hana pa kuitajia. Mnada ukiahirishwa, mzigo unangoja, na bei ya kakao haingoji. New York ilipita dola 10,000 kwa tani Machi 2024, ikapita dola 12,000 Desemba mwaka huo, na kabla ya mwaka 2025 kwisha ilikwisha kushuka chini ya dola 6,000.

Habari inayowachekesha mafundi zaidi kwa sasa, na kuwanyima usingizi, ni akili mnemba. Tangu ChatGPT itolewe Novemba 2022, matajiri wa teknolojia wamekuwa wakitabiri kwamba kazi ya kuandika programu itafanywa na mashine. Julai 2025 mfanyabiashara mmoja wa Marekani alikuwa akitengeneza programu yake kwa msaada wa mashine ya kampuni ya Replit. Aliiambia isibadilishe chochote. Ikafuta hifadhidata nzima, kisha ikamweleza kwamba haiwezi kurudishwa, jambo ambalo nalo halikuwa kweli. Waandishi wa programu walicheka sana siku hiyo, wengine wakasema angalau sasa wamempata kibarua anayefanya makosa yao kwa haraka zaidi.

Kwa AMCOS hili si la mbali. Kijana mwenye kompyuta mpakato na akili mnemba anaweza kuja na programu ya kutunza hesabu za wanachama, tena kwa bei ya chini, akaimaliza ndani ya wiki. Huenda ni nzuri kweli. Lakini kabla ya viongozi kutia saini, aulizwe umeme ukikatika katikati ya kupima nini kinatokea, na kilo za mwanachama zikiandikwa vibaya nani ana ruhusa ya kuzibadili na jina lake litaonekana wapi. Mwanachama naye abaki na karatasi yake ya mzani, na meseji ya malipo ikifika asiiamini kwa macho. Aangalie salio, maana matapeli nao wanajua kuandika meseji.

Swali la mwisho kwa kijana huyo ni nakala ya akiba inakaa wapi. Akijibu kwamba iko kwenye kompyuta ileile, daftari la kaboni lisitupwe kwanza.