Je, Wajua? Sindano Isiyochoma

Je, wajua kwamba mojawapo ya sindano mashuhuri katika utafiti wa akupancha, ile tiba ya sindano za Kichina, haimchomi mtu? Ilibuniwa Heidelberg, Ujerumani, na Konrad Streitberger na mwenzake Jürgen Kleinhenz, wakaitangaza mwaka 1998 katika jarida la The Lancet. Ncha yake ni butu, na ukiisukuma, shina lake huteleza likarudi ndani ya mpini, kama kile kisu cha jukwaani ambacho watazamaji huapa kimezama kifuani mwa mwigizaji. Ili isidondoke, hupitishwa katika plasta iliyotandwa juu ya pete ndogo ya plastiki iliyowekwa kwenye ngozi. Mgonjwa akitupa jicho anaiona imefupika na kusimama wima. Amehisi kitu kikimgusa, basi anajua amechomwa. Watu 60 walijitolea kujaribiwa sindano zote mbili. Kwa ile halisi, 54 walisema wameihisi ikipenya. Kwa ile ya bandia, waliosema hivyo walikuwa 47, na hakuna aliyeshuku kwamba kuna mchezo.

Kwa nini kuhangaika hivyo? Kidonge hupimwa kwa urahisi: hutengenezwa kingine cha rangi ile ile na umbo lile lile, kisicho na dawa ndani. Hiyo ndiyo plasebo. Wagonjwa wengine hupewa hiki, wengine kile, na siri hufungiwa hadi hesabu zikamilike. Sindano haifichiki hivyo, na anayeichoma anajua fika anachofanya. Ukiwalinganisha waliochomwa na wasiochomwa, hujapima sindano peke yake. Umepima pia kitanda, mikono ya mtabibu, nusu saa ya kulala bila simu, na matumaini ya mtu aliyetoa nauli ili apone.

Hila yenyewe si ya jana. Mwishoni mwa karne ya 18 Mmarekani Elisha Perkins aliuza jozi za vijiti vya chuma vyenye ncha, akidai kwamba vikiburutwa juu ya ngozi huvuta maumivu yakatoka. Mwaka 1799 daktari John Haygarth, mjini Bath, Uingereza, alitengeneza vya mbao na kuvipaka rangi vifanane na vya chuma. Wagonjwa watano wa baridi yabisi walipitishiwa vijiti hivyo, na wanne wakasema wamepata nafuu. Siku ya pili wakapitishiwa vya chuma, mambo yakawa yale yale. Perkins alifariki mwaka huohuo kwa homa ya manjano, mjini New York, alikokwenda kuijaribu dawa yake nyingine.

Kuna watafiti ambao hawakutaka hata sindano ya kuteleza. Daniel Cherkin na wenzake, katika utafiti uliofanyika Seattle na Oakland na kuchapishwa mwaka 2009, walitumia kijiti cha kuchokolea meno. Kijiti kiliingizwa katika kile kimrija chembamba cha kuongozea sindano, kikagongwa kidogo juu ya ngozi, kikazungushwa, kisha kikaondolewa upesi. Wagonjwa 638 wenye maumivu sugu ya mgongo walishiriki. Baada ya wiki nane, takriban asilimia 60 ya waliochomwa sindano walikuwa wakijimudu vizuri zaidi katika shughuli zao. Kwa kijiti cha meno, takriban asilimia 60 pia! Kwa waliobaki na matibabu yao ya kawaida, asilimia 39.

Kimrija hicho nacho kina historia yake. Kubuniwa kwake kunahusishwa na Sugiyama Waichi, mtabibu wa Kijapani wa karne ya 17 aliyekuwa kipofu. Kilimsaidia kuielekeza sindano nyembamba bila kuiona. Zaidi ya miaka 300 baadaye Mjapani mwingine, Nobuari Takakura, alitumia mrija usioonyesha ndani kumficha siri hata mtabibu mwenyewe. Sindano halisi na ya bandia hufungiwa humo, na ndani hujazwa kitu laini kinachoikinza sindano, ili vidole vya mtabibu vihisi ukinzani ule ule wa nyama hata kama ncha imeishia juu ya ngozi. Kwa maoni yangu huu ndio ubunifu wa kijanja kuliko wote, kwa sababu mgonjwa husoma mengi usoni mwa anayemtibu.

Njia nyingine ni kutumia sindano halisi, ila kuichoma kijuujuu na nje ya zile sehemu zilizochorwa katika ramani za Kichina. Hapo watafiti waliingia mtegoni. Japani kuna watabibu ambao tiba yao yote ni ya kijuujuu, sindano ikigusa ngozi au kupenya kidogo sana. Kinachoitwa bandia Berlin, Tokyo mtu hukilipia kama tiba kamili.

Je, wajua kwamba Ujerumani iliamua kulipia akupancha kutokana na tafiti ambamo sindano za bandia zilifanya vizuri karibu sawa na za halisi? Kisa hiki ndicho kinachonivutia kuliko vyote. Mifuko ya bima ya afya ya nchi hiyo ilitaka kujua kama inafaa kuigharimia tiba hii, tafiti kubwa zikafanyika. Ule wa maumivu ya mgongo, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuwa na wagonjwa 1,162. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu kwa sindano zilizochomwa Kichina walikuwa asilimia 47.6. Waliochomwa kijuujuu mahali pasipo na maana walikuwa asilimia 44.2. Waliopewa dawa, mazoezi na tiba nyingine za kawaida walikuwa asilimia 27.4.

Ungekuwa wewe mwenye mfuko, ungeamuaje? Mwanasayansi anaangalia namba mbili za kwanza na kusema ramani za Kichina hazikuongeza kitu cha maana. Mwenye kulipa anaangalia ya kwanza na ya tatu, anaona mgongo umetulia. Mwaka 2006, kabla hata ya utafiti huo kuchapishwa, uamuzi ulikuwa umeshatolewa: bima ilipie maumivu ya kiuno na ya goti. Kipandauso kikanyimwa, kwa kuwa huko sindano hazikuzishinda dawa za kawaida. Katika utafiti mwingine wa Kijerumani juu ya kipandauso, wa wagonjwa 302 na uliochapishwa mwaka 2005, siku za maumivu zilipungua kwa nusu au zaidi kwa asilimia 51 ya waliochomwa kwa halisi, asilimia 53 ya waliochomwa kwa bandia, na asilimia 15 ya waliosubiri tu zamu yao. Wa bandia wakaongoza!

Ted Kaptchuk wa Boston aliligeuza swali: badala ya kuiondoa plasebo, aipime yenyewe. Mwaka 2008 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 262 wenye tumbo linalosumbua bila kidonda wala uvimbe. Sindano zote zilikuwa za bandia. Waliobaki kwenye orodha ya kusubiri, asilimia 28 walisema wamepata nafuu ya kutosha. Waliowekewa sindano na mtabibu asiyezungumza nao, asilimia 44. Kundi la tatu liliwekewa sindano zile zile na mtabibu mchangamfu, aliyewauliza habari zao kwa dakika 45 na hata kuagizwa anyamaze kwa sekunde 20, akitafakari. Hao walikuwa asilimia 62.

Na bandia hudhuru pia. Miaka miwili kabla, Kaptchuk alikuwa amewagawa watu 270 wenye maumivu ya mkono kati ya sindano ya bandia na kidonge cha bandia. Takriban robo ya kundi la sindano na karibu theluthi ya kundi la vidonge walilalamika kwamba tiba imewaletea madhara. Madhara yenyewe yalifuata yale waliyoonywa mwanzoni: wa sindano walitaja maumivu, wa vidonge usingizi na kinywa kikavu.

Kwa hiyo sindano halisi haina chake kabisa? Inacho, ila ni kidogo. Mwaka 2012 Andrew Vickers na wenzake walikusanya taarifa za wagonjwa 17,922 wa maumivu sugu na kutoa mfano huu: mtu anayeanza na maumivu ya 60 kati ya 100 atashuka hadi 43 bila sindano, 35 kwa sindano ya bandia na 30 kwa ya halisi. Wapinzani wa akupancha hushikilia zile pointi 5 za mwisho, watetezi wake zile 13 kutoka 43 hadi 30.

Je, chuku tunazopigwa huku pwani, vile vikombe vya kuvuta ngozi, zinaweza kupimwa hivyo? Watafiti wa Ujerumani wamejaribu kwa vikombe vilivyotobolewa vitundu vidogo, ili hewa ipenye na mvuto uishe muda mfupi baada ya kuwekwa. Taabu ni kwamba kikombe kizima huacha duara jekundu mgongoni, na mgonjwa aliyewahi kuumikwa akifika nyumbani atajitazama kwenye kioo.